Mpini Usio na Chale

Ofisini kwangu kuna ukuta wenye misumari sitini na kitu, na kwenye kila msumari umening'inia mpini wa jembe. Wageni hudhani nauza mipini. Huwaacha wadhani hivyo kidogo, kisha nawaambia kwamba wanachokitazama ni pensheni.

Sisemi habari za zimamoto ya serikali. Wale wana magari, sare na mafao yao. Nasema habari za vikosi vya moto vya vijiji, watu wa kujitolea. Kiangazi kikikolea huku Mbinga, mwezi wa tisa au wa kumi, mtu mmoja husafisha shamba lake kwa kiberiti, upepo ukapanda kutoka ziwani, na kufikia jioni mlima mzima wa kahawa ya jirani umekuwa majivu. Gari haliwezi kupanda kule. Wanaopanda ni watu wenye majembe na matawi mabichi, wengine peku. Zamani watu hao walizeeka na makovu yao bila senti. Ndipo vijiji kadhaa, vya juu kwenye kahawa na vya chini kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, vikaanzisha mfuko. Mkulima hutoa kisado cha kahawa kila msimu, mvuvi hutoa fungu katika mauzo ya dagaa, na mzima moto akifika miaka sitini hulipwa kila mwezi mpaka aage dunia.

Waliponiomba niusimamie nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu. Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Korogwe, nimelelewa madrasa, na serikali ndiyo iliyonileta Mbinga nikiwa msichana, na sweta moja tu, kuwafundisha watu kupogoa kahawa na kupambana na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni mtini. Wakaniita Bibi Shamba. Kazi ilikwisha, jina likabaki. Sababu ya kunichagua hawakunificha. "Huyu hana mjomba hapa," alisema mmoja kikaoni, na wote wakaitikia kwa vichwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilijivuna siku ile na najivuna mpaka leo, kwa sababu tangu nishike kazi hii hakuna mzee aliyekosa malipo yake hata mwezi mmoja. Atakayesema vinginevyo aje aniambie usoni.

Sasa ile mipini. Vikosi vyetu vina desturi ya zamani kuliko mfuko wenyewe. Moto ukishazimwa, kabla watu hawajanywa hata maji, kila aliyekuwepo hutoa kisu na kukata alama moja kwenye mpini wa jembe lake. Alama hizo wanaziita chale. Moto mmoja, chale moja. Siku ya kustaafu, jembe lenyewe hurudi kikosini na mpini huja ofisini kwangu. Mimi na mashahidi wawili tunahesabu chale kwa kidole, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua mzee atalipwa nini. Asiye na chale hupewa kiwango cha chini, cha chumvi na sabuni.

Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu haidanganyiki. Yupo aliyejaribu. Aliniletea mpini wenye chale nyingi kuliko mioto yote iliyowahi kuwaka kijijini kwao, na nusu ya chale hizo zilikuwa bado nyeupe, mbao inanukia. Nilimuuliza kama hiyo mioto yote aliizima jana. Akaondoka na mpini wake, na mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Kwa hiyo alipokuja yule mzee wa Liparamba, nilikuwa nimeshajiona mjuzi. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, na kifua kilikuwa kikimkereketa. Aliweka mpini wake mezani. Nikaugeuza upande huu, nikaugeuza upande ule. Ulikuwa laini kama mchi. Miaka thelathini ndani ya kikosi, na hakuna chale hata ya bahati mbaya.

"Mzee," nikasema, na nilisema kwa sauti kwa sababu ofisi ilikuwa imejaa watu, "jembe hili ulikuwa ukilipangusa vumbi tu?"

Watu walicheka sana. Na yeye alitabasamu. Akaweka sahihi kwenye fomu ya kiwango cha chini, akashukuru, akatoka. Nami nikautundika mpini wake kwenye msumari wa mwisho kabisa, nyuma ya mlango, mlango ukifunguliwa unaufunika.

Miaka minne ikapita. Mwaka jana kahawa ikawa na bei ambayo hata wazee hawakuikumbuka, mfuko ukanenepa, na kamati ikakubaliana kwamba wastaafu waongezwe. Jinsi ya kuongeza ndilo lililokuwa swali. Mwenyekiti wetu, aliyewahi kuwa kiongozi wa kikosi cha milimani, ana mpini wenye chale arobaini na moja. Hakuna wa kumfikia. Umetundikwa msumari wa kwanza, pembeni ya kalenda, na kila akiingia ofisini huutazama kabla ya kunitazama mimi. Yeye alipendekeza nyongeza ihesabiwe kwa chale: kila chale iongezwe kiasi fulani, mwenye nyingi apate nyingi. Ilionekana ni haki. Mimi mwenyewe niliiandika, ikangoja mkutano mkuu wa mwezi wa kumi na moja.

Kabla ya mkutano, kila mwezi wa tisa, huwa nakwenda kuwaona wastaafu kwa macho. Fedha tunazituma kwa simu, lakini simu haisemi kama mwenyewe yu hai. Nilipofika Liuli nikaelezwa kwamba yule mzee wa Liparamba sasa anaishi pale, chumba cha kupanga karibu na hospitali.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda. Nyumba ilitazama ziwa, maji yanametameta, akina mama wanaanika dagaa mchangani, na kila aliyekaa barazani alikuwa ameelekea huko. Yeye peke yake alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo, anatazama milima. Nikasema moyoni, huyu mzee amenuna na dunia nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bibi Shamba. Karibu. Samahani, sisimami haraka siku hizi."

Kifua kilikuwa kimemmaliza. Kila sentensi aliikata mara mbili apumue. Mwenye nyumba, mama mmoja mchangamfu, ndiye aliyenieleza mengine tulipokuwa tukichota maji. Mzee alitakiwa kuonekana hospitali kila wiki, na wakati mwingine katikati ya wiki, akizidiwa. Mke alishafariki. Binti ameolewa Chiwanda, humletea samaki wakavu akipata nafasi, lakini naye ana watoto sita. Kodi ya chumba ilikuwa inakula kile kiwango cha chini chote na bado haishibi. "Amesema mwaka ukiisha atarudi kwao Liparamba," yule mama alisema. "Huko hospitali ni mbali, na njia ya mvua unaijua mwenyewe. Akirudi huko, dada yangu, tutaitana kumzika."

Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo dogo tu, "Daktari alimuuliza kama alikuwa mchoma mkaa. Mapafu yamejaa moshi."

Nilisimama na ndoo yangu. Mtu ambaye hakuzima moto hata mmoja, moshi wa mapafuni ameutoa wapi? Nikarudi kumuuliza.

"Mzee, mficha uchi hazai. Nieleze kazi uliyokuwa ukifanya kwenye kikosi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa nachoma," akasema.

Akanieleza polepole. Kila mwaka mwezi wa sita, nyasi zikiwa zimekauka nusu na nusu bado mbichi, alizunguka na kiberiti mpaka wote wa kijiji chao, ule unaopakana na pori. Alichoma ukanda mwembamba saa za alasiri, kipande leo, kipande kesho, moto mdogo wa kufika magotini. Jioni umande ukishuka, unakufa wenyewe. Alitembea nyuma yake, ndani ya moshi, wiki tano au sita. Ikifika mwezi wa kumi na moto mkubwa ukitoka porini, ulifika kwenye ule ukanda mweusi ukakosa chakula. "Kwa hiyo sikuwa na moto wa kuzima," akasema. "Na mimi sikutaka kukata chale ya uongo."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza kama nilikuwa nalipangusa vumbi. Ni kweli, jembe sikulitumia sana."

Niliona aibu, na nasema waziwazi kwamba niliona aibu. Mimi nimekula mshahara wa serikali miaka thelathini na zaidi kwa maneno manne: kinga bora kuliko tiba. Nimeyahubiri kwenye kila shamba la kahawa kati ya Mbinga na ziwa. Nimewagombeza watu wazima mbele ya wake zao kwa kungoja ugonjwa uonekane ndipo wanyunyize dawa. Halafu kinga yenyewe ikanijia ofisini, imevaa koti, nami nikaicheka na kuitundika nyuma ya mlango.

Lakini mimi ni mtu wa kuhakiki. Sikurudi Mbinga. Nilikodi pikipiki hadi Liparamba, na mgongo wangu bado unanidai safari ile. Nilitaka nione kwa macho yangu mwenyewe. Vijiji nilivyopita njiani vilikuwa na mabati matupu, na nilipouliza waliniambia wameacha kuezeka kwa nyasi kwa sababu ya moto. Miti ya pembeni ilikuwa na mashina meusi, imeungua mpaka kiunoni. Nikaingia kijijini kwao yule mzee. Vihenge vya mahindi vilikuwa vya nyasi. Mapaa yalikuwa ya nyasi, manene, tabaka juu ya tabaka, meusi kwa uzee, paa ambalo baba ameezeka na mtoto akaongezea juu. Mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye miti ambayo magome yake hayana hata doa. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi mara ya mwisho moto kuingia kijijini ilikuwa lini. Alifikiri sana. Akasema alikuwa bado hajaolewa, na aliyemwonyesha kwa kidole kuwa mjukuu wake alikuwa na ndevu.

Nikamuuliza pia mwaka ule nani alichoma ukanda. Alisema hakuna. Mzee anaumwa, na vijana hawataki kazi isiyo na chale.

Mkutano tulifanyia ukumbi wa parokia, kama kawaida. Padri alifungua kwa sala, nami nikaitikia amina yangu, tumeshazoeana. Ukumbi ulijaa: wa kahawa upande mmoja wakiwa na makoti, wa ziwani upande mwingine wakilalamika baridi. Nilikuwa nimebeba mipini miwili ndani ya kanga. Ilipofika ajenda ya nyongeza nilisimama, nikasema sitaki pendekezo nililoliandika mwenyewe. Nikaeleza niliyoyaona. Na kwa kuwa nilimcheka mzee mbele ya watu, nilikiri mbele ya watu. Hilo halikuwa rahisi. Mimi si mwepesi wa kusema nimekosa, na wanaonijua walikaa sawasawa kwenye viti vyao wasikie vizuri.

Mwenyekiti alinisikiliza mikono imekunjwa. Nilipomaliza akasema, "Bibi Shamba, tunakuheshimu. Lakini tukianza kulipa moto ambao haukuwaka, kesho ndugu zetu wa Liuli watataka tulipe samaki ambao hawakuvuliwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, wa ziwani ndio walicheka zaidi. Mimi nami nilicheka kidogo, maana ilikuwa imekaa vizuri. Kisha nikafungua kanga, nikampa mpini wake.

"Mwenyekiti, wewe unajua kila chale yako ilitoka wapi?"

"Zote."

"Tusomee."

Kumwomba mtu yule asome mpini wake ni kumwomba jogoo awike. Aliushika kwa mikono miwili, akaanza chini. Hii ni ya ule moto wa nyuma ya shule. Hii ni ya mlima wa magharibi, siku alipoungua sikio. Hizi tatu ni za wiki moja, kahawa ya kijiji kizima ilikwenda. Hii ni ya nyumba ya bibi mmoja na vifaranga wake. Wengi ukumbini walikuwepo kwenye mioto hiyo. Alitaja milima, mabonde, vijiji vya ziwani walikoteremka usiku na asubuhi. Alifika ya arobaini na moja, akainua macho.

"Ahsante," nikasema. "Upande wa Liparamba ni ngapi?"

Akarudi kuutazama mpini. Akapitisha kidole gumba kutoka chini mpaka juu, halafu kutoka juu mpaka chini.

"Huko," akasema, "hatukuwahi kuitwa."

Hapo ndipo nilipofungua kanga yote na kuuweka ule mpini mwingine mezani mbele yake. Aliuokota. Aliupapasa kwa muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye sikio lake moja ni kovu tupu, mtu aliyeingia kwenye moto akatoka na mbuzi wa jirani mabegani. Nilimwona macho yamemlowa, nami nikajua nimemkosea kumdhania kuwa na majivuno tu.

"Jamani," akawaambia wenzake wa milimani, "hizi arobaini na moja ni mara tulizochelewa."

Akakaa. Halafu akasimama tena, maana yeye ndiye mwenyekiti, akapendekeza kwa kinywa chake kwamba kila kiangazi ambacho mlinzi amekichunga bila moto kuingia kwenye eneo lake kihesabiwe sawa na chale, na nyongeza ifuate hesabu hiyo. Tulipiga kura kwa mikono. Wa ziwani walinyanyua yote miwili, ikabidi nihesabu upya. Ilipita, na ilipita kwa kura za milimani pia, ambako mwenye chale nyingi alikuwa amekubali kupata kidogo kuliko alichokuwa ameahidiwa. Nimesimamia mambo mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuwaona watu wakipunguziwa na kutoka ukumbini wamenyoosha mabega namna ile. Najivuna kwa ajili yao kuliko ninavyojivuna kwa ajili yangu, na mnajua sasa hilo si dogo.

Nilikwenda Liuli mwenyewe kumpelekea habari. Fedha za viangazi thelathini zilitosha kodi ya chumba, dawa, na zikabaki za sukari. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Na mimi nilicheka siku ile, Bibi Shamba. Ilikuwa inachekesha." Nilimuuliza kama tunaweza kumkatia chale zake thelathini kwenye mpini, kamati imekubali. Alikataa kabisa. Akasema tukiukata tutakuwa tumeuharibu. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua.

"Mwezi wa sita nani atachoma?"

Walikuja watatu. Wawili wanaume wa makamo na yule mama wa kupepeta mahindi, ambaye alisema kama kazi ina pensheni naye ana miguu. Walikaa siku mbili Liuli, mzee akiwafundisha kwa kijiti mchangani: upepo ukitoka huku simama huku, umande ukichelewa acha, rudi kesho. Mwezi wa sita wakachoma.

Mpini wake sasa uko msumari wa kwanza. Si mimi niliyeuhamisha. Mwenyekiti aliingia asubuhi moja, akatoa wake, akaubandika msumari wa pili, akautundika ule laini mahali pake na kuufungia kwa uzi kiberiti kitupu. Alikunywa chai yangu akaondoka.

Mwaka huu mwezi wa kumi ulikuwa mkali. Vikosi vya milimani viliitwa mara nne. Upande wa Liparamba moto ulitoka porini kama kawaida yake, ukafika kwenye ukanda mweusi, ukafa. Mvua za kwanza ziliponyesha nilimpigia simu mzee, nimejaa habari yangu, nataka niwe wa kwanza.

"Mzee, shikamoo. Kiangazi kimekwisha. Kwenu hakikuungua kitu."

Alipumua, akapumua tena.

"Marahaba, mwanangu. Najua," akasema. "Nimekaa hapa nje kila siku naitazama ile milima. Ningeuona moshi."